Karatasi Iliyosema "Kawaida"

Karatasi yenyewe ninayo hadi leo. Imekunjwa mara nne, ina doa la chai pembeni, na katikati mtu wa maabara ameandika kwa wino wa bluu neno moja tu: kawaida. Ni ya mwaka 2016. Baba alikuwa na miaka 66, presha alikuwa nayo tangu enzi za jeshi, na siku hiyo alikwenda kliniki moja hapa mjini Arua, Uganda, kwa kuwa miguu ilikuwa ikimvimba kila jioni. Wakamtoa damu. Kreatinini, taka ya damu inayoonyesha hali ya figo, ikawa 1.2. Akarudi nyumbani mtaa wa Oli akipiga mluzi, mkononi ana kilo ya nyama, akamwambia Mama, "Figo zangu ni za kijana."

Mwishoni mwa 2019 kreatinini hiyo hiyo ilikuwa 14.

Oktoba 2022 tulimzika. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kufuatilia habari za figo kama wenzangu wanavyofuatilia matokeo ya Arsenal. Sikusomea udaktari. Nauza vipuri vya pikipiki karibu na soko, na Kiswahili changu ni cha kambini nilikozaliwa, kilichonyooshwa baadaye na redio na vitabu. Lakini mwenye duka la vipuri ana muda mwingi wa kusoma simu kati ya mteja na mteja, na hii karatasi haijanipa usingizi mzuri.

Niseme kwanza figo ni nini, kwa lugha ya dukani kwangu. Ni vichujio viwili, kila kimoja ukubwa wa ngumi, na ndani ya kila kimoja kuna vichujio vidogo karibu milioni moja. Kwa siku moja huchuja maji lita 180 hivi kutoka kwenye damu, kisha hurudisha karibu yote mwilini, wewe ukaenda chooni na lita moja na nusu, mbili. Sasa chujio la oili la pikipiki likiziba, injini inakupa taarifa. Inapata joto, inanguruma, inatoa moshi. Figo hazina moshi. Unaweza kupoteza zaidi ya nusu ya vichujio vyako na ukaendelea kulima, kufunga Ramadhani, kucheza dansi harusini. Vilivyobaki vinabeba mzigo wa vilivyokufa, na mzigo huo ndio unaovimaliza navyo.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea kipimo. Na kipimo ndicho kilichomwangusha Baba.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Misuli huitengeneza kila siku, figo huitoa. Ikirundikana kwenye damu, tunajua figo zimelegea. Hesabu ni rahisi mpaka umkute mtu asiye na misuli. Mzee aliyekonda hutengeneza taka kidogo, basi hata kama figo zake zimechoka, damu yake haionyeshi mrundikano. Ni kama kusifu mfereji kwamba haujaziba wakati hakuna anayemwaga maji. Baba alipostaafu alikuwa akipungua mwaka hadi mwaka. Mkanda wake ulikuwa na matundu matatu aliyoyatoboa mwenyewe kwa msumari. Hiyo 1.2 ingekuwa habari njema kwa mpiganaji wa mieleka. Kwake yeye ilikuwa kengele, ila imefungwa kitambaa.

Kuna jambo jingine nililolijua baadaye, nikacheka kicheko kibaya. Madaktari huwa hawaishii kwenye namba ya kreatinini. Huiingiza kwenye kanuni pamoja na umri na jinsia ili kukadiria figo zinachuja mililita ngapi kwa dakika. Ikishuka chini ya 60 na kukaa hapo miezi mitatu, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Ikishuka chini ya 15, figo zimeshindwa. Sasa, kanuni waliyoitunga Wamarekani mwaka 2009, ambayo ilisambaa duniani kote, ilikuwa na kifungu cha ziada: mgonjwa akiwa mweusi, jibu zidisha kwa 1.159. Sababu waliyoitoa ni kwamba watu weusi wana misuli mingi zaidi. Nilikaa dukani usiku mmoja na kikokotoo cha simu nikamfanyia Baba hesabu hiyo. Bila kifungu cha rangi anapata 63, hatua tatu tu juu ya mstari. Ukimzidisha kwa weusi wake anapata 73, na mwenye 73 anaambiwa nenda nyumbani kale nyama. Mzee wa matundu matatu kwenye mkanda, amepewa alama kumi za bure kwa sababu ya misuli ya mtu mwingine huko Marekani.

Mwaka 2021 Wamarekani wenyewe walikifuta kifungu hicho na kutoa kanuni mpya isiyouliza rangi. Lakini kazi iliyonigusa zaidi ilifanyika karibu na kwetu. Watafiti wa Uganda, Malawi na Afrika Kusini, akiwemo Dkt. Robert Kalyesubula, bingwa wa figo wa hapa Uganda, waliamua kuacha kukisia. Waliwachukua watu wa kawaida, wakawadunga mshipani dawa iitwayo ioheksoli, ambayo figo peke yake ndiyo huitoa, kisha wakawapima damu mara kadhaa kuona inatoka kwa kasi gani. Hapo hukadirii tena, unapima chujio lenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet Global Health. Kanuni za kreatinini zilikuwa zikizipa figo za watu wa kwetu alama nyingi kuliko zinavyostahili, na wagonjwa wengi walikuwa wakipita bila kuonekana. Kipimo kingine kiitwacho sistatini C, ambacho hakitegemei sana misuli, kilikuwa karibu zaidi na ukweli, lakini kina gharama na maabara nyingi za kwetu hazina.

Niliposoma habari hiyo nilifunga duka saa tisa mchana. Mteja aliyetaka breki za Bajaj alirudi kesho yake amenuna.

Kinachonikera kuhusu lile zidisho la rangi ni kwamba urithi wa kweli upo, na una hadithi ya kwetu kabisa. Wasomaji wa Busoga wamesikia kwa wazee wao habari za malale, ule ugonjwa wa mbung'o uliofagia pwani na visiwa vya Ziwa Victoria miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, ukaua zaidi ya watu laki mbili. Damu ya binadamu ina protini ya kuua vijidudu vya jamii hiyo, lakini baadhi ya vijidudu vya malale vilijifunza kuikwepa. Basi vizazi vingi nyuma, baadhi ya Waafrika walizaliwa na jeni ya protini hiyo, iitwayo APOL1, ikiwa imebadilika kidogo, ikaweza tena kuviua. Waliokuwa nayo walipona, wakazaa. Mwaka 2010 wanasayansi waligundua upande wa pili wa shilingi: mtu akirithi jeni hiyo iliyobadilika kwa baba na kwa mama pia, figo zake zinakuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kuharibika. Hali hiyo imeenea hasa Afrika Magharibi, na huku kwetu Mashariki ni wachache zaidi. Sasa kuna kidonge kinachojaribiwa, inaksaplini, kinachoizuia protini hiyo moja kwa moja. Katika jaribio dogo lililochapishwa 2023 kilipunguza protini iliyokuwa ikivuja kwenye mkojo kwa karibu nusu. Jaribio kubwa linaendelea. Kama Baba alikuwa na jeni hiyo sitajua kamwe. Ninachosema ni kwamba kuna tofauti kati ya kumuuliza mtu jeni yake na kumtazama usoni ukaandika namba.

Lakini hebu nirudi nyumbani, kwenye ndoo ya usiku ya Baba.

Mama alikuwa ameona povu. Mwaka mzima kabla ya ile karatasi, kila asubuhi alipomwaga ndoo ya usiku, aliona mkojo wa Baba una povu kama la sabuni, halipasuki upesi. Alidhani ni sabuni iliyobaki kwenye ndoo, akawa anaisuuza mara mbili. Mama hakusoma, lakini kwa macho yake tu alikuwa ameshakiona kitu ambacho kipimo cha damu hakikukiona. Povu la namna hiyo mara nyingi ni protini. Chujio zima haliachii protini ipite. Likianza kutoboka, inavuja, na inaweza kuvuja miaka mingi kabla kreatinini haijapanda. Kijiti cha kuchovya kwenye kikombe cha mkojo kinabadilika rangi ndani ya dakika moja. Ni kati ya vipimo vya bei rahisi kuliko vyote maabara. Siku ile 2016 hakuna aliyempa Baba kikombe.

Hilo ndilo lililonikaa kooni. Maana watu wakizungumzia maendeleo ya figo siku hizi, wanazungumzia nguruwe na roboti, na mimi nitafika kwa nguruwe. Ila Baba hakukosa nguruwe. Alikosa kikombe.

Angepewa kikombe, kuna mambo mawili yangebadilika mara moja, na yote mawili yalijulikana zamani. La kwanza ni dawa ya presha. Baba alikuwa anakunywa nifedipini, siku anazokumbuka. Tangu miaka ya 2001 na 2002, utafiti uliofanywa kwa Wamarekani weusi zaidi ya elfu moja wenye presha na figo zilizoanza kuumia ulionyesha kwamba ramiprili inazilinda figo kuliko dawa za kundi la nifedipini, hasa kwa wale wenye protini kwenye mkojo. Ramiprili na ndugu zake si dawa za matajiri. La pili ni diklofenaki. Baba alikuwa na mgongo wa askari, wa kubeba mizigo na kulala chini, na alikuwa akinunua vidonge vile vya maumivu duka la dawa kama mtu anavyonunua njugu: vinne leo, sita kesho, hakuna anayeuliza. Dawa za namna hiyo hubana damu inayoingia kwenye figo. Kwa kijana mzima, siku mbili tatu, si neno. Kwa mzee mwenye presha na chujio lililotoboka, ni kumsukuma aliyesimama ukingoni. Na mimi, mwanawe, mara nyingi ndiye niliyekuwa natumwa kuvinunua.

Habari za dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, nitazieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu anayeisikia tu hawezi kuijua.

Tulimpeleka Kampala kwa basi la usiku, Novemba 2019. Njia ni ile ile: Pakwach, daraja la Nile, Karuma, halafu lami ndefu hadi alfajiri. Baba alitapika kutoka Nebbi. Alikuwa ameanza kunuka mdomoni harufu kama ya mkojo, ngozi inawasha, anasinzia katikati ya sentensi. Kiruddu, ambayo ndiyo hospitali ya umma inayobeba wagonjwa wengi wa dayalisisi nchini, walimwekea mpira shingoni na kumuunga kwenye mashine. Baada ya mizunguko mitatu aliamka akauliza kama mbuzi wake amezaa. Nililia chooni. Tulikuwa tumerudishiwa mtu.

Ila mashine haiponyi. Inafanya kwa saa nne kazi ambayo figo hufanya usiku na mchana, na ulimwenguni kipimo cha kawaida ni mara tatu kwa wiki. Sisi tulimudu mara mbili. Malipo ya hospitali ya umma yalikuwa chini sana ya yale ya binafsi, lakini kuna sindano za kuongeza damu, kuna vipimo, kuna nauli, kuna chakula. Ng'ombe wa Baba walikwenda mmoja mmoja. Hakurudi tena Arua, akahamia kwa shangazi yangu Makindye, Kampala.

Watu waliniuliza mbona mashine moja isiletwe Arua. Niliwaeleza hivi: mgonjwa mmoja, kikao kimoja, anatumia lita 120 hivi za maji yaliyosafishwa sana, si ya kuchemsha, ya kusafishwa kwa mitambo mpaka madini yatoke. Damu yake yote inapita pembeni ya maji hayo mara nyingi, utando mwembamba tu katikati. Umeme ukikatika, damu iko nje ya mwili. Na Nile Magharibi, eneo letu hili, miaka hiyo haikuwa hata imeungwa kwenye gridi ya taifa. Tulikuwa tunaishi kwa jenereta na kile kituo kidogo cha Nyagak, umeme wa kubahatisha. Kabla ya mashine inahitajika bomba, na kabla ya bomba inahitajika waya. Leo huduma hiyo imevuka Kampala, Mbarara kwa mfano wanasafisha damu katika hospitali yao ya rufaa, na umeme wa gridi umetufikia. Wakati wa Baba tulihamisha mgonjwa, si mashine.

Shangazi ndiye aliyeubeba mzigo. Mwenye figo zilizokufa hawezi kutoa potasiamu, na potasiamu ikizidi, moyo unasimama. Na ipo wapi? Kwenye ndizi, kwenye maharagwe, kwenye viazi, yaani kwenye chakula chote cha nyumba ya Kampala. Shangazi alijifunza kwa masista wa hospitali kuikata matoke vipande, kuichemsha, kumwaga maji, kuichemsha tena kwa maji mapya. Ilikuwa haina ladha kabisa. Baba, mtu wa enyasa, ugali wetu wa huku, na samaki wa kukaushwa, mtu wa mboga za magadi, alikuwa akiitazama sahani ile kama adui aliyevuka mpaka. Magadi nayo yalikatazwa, ni chumvi tupu. Maji ya kunywa alipimiwa kwenye kikombe kidogo cha kahawa, kwa sababu alikuwa haendi tena haja ndogo na kila tone linabaki mwilini hadi siku ya mashine. Siku za joto alikuwa anafyonza kipande cha barafu, macho amefumba.

Halafu ikaja Machi 2020. Magari ya abiria yakasimamishwa, siku chache baadaye na ya binafsi, boda boda zikakatazwa kubeba watu. Mgonjwa alihitaji kibali cha kutembea kwa gari. Kabla hatujapata kibali, mara mbili Baba alitembea kwa miguu kutoka Makindye hadi Kiruddu na kurudi, fimbo mkononi, shangazi nyuma yake amebeba kiti cha plastiki ili kila baada ya mita mia akae. Mimi nilikuwa huku Arua, nimefungiwa, nasikia kwa simu tu. "Tumefika kwenye kona," shangazi ananiambia. "Amekaa. Sasa ameinuka." Nilikuwa naihesabu barabara ile kwa masikio.

Mwezi huo huo wa Machi 2020, na hili nililijua miaka miwili baadaye, kulikuwa na habari kubwa kabisa ya figo duniani. Utafiti mmoja ulisimamishwa kabla ya wakati wake, si kwa kushindwa, bali kwa kufaulu mno. Dawa ni dapagliflozini. Ilikuwa ya sukari, na asili ya kundi lake ni kitu kilichotolewa kwenye gamba la mti wa tufaha mwaka 1835. Inafanya figo ziache kurudisha sukari mwilini, iende na mkojo. Lakini pamoja na sukari, chumvi nyingi zaidi inafika sehemu ya figo inayopima mzigo, na figo ikisikia chumvi hiyo inabana kidogo mshipa wa kuingizia damu, presha ndani ya vichujio ikashuka. Ni kama kupunguza gesi kabla injini haijakufa. Wagonjwa 4,304, wengine wana sukari, wengine hawana. Waliopewa dawa, hatari ya figo kuporomoka au kufa kwa maradhi ya figo au moyo ilipungua kwa asilimia 39. Dawa nyingine ya kundi hilo ikathibitisha kwa watu 6,609. Sindano ya wiki ya semaglutidi nayo, ambayo mitandaoni inasifiwa kwa kupunguza vitambi, mwaka 2024 ilionyesha kuwalinda wenye sukari na ugonjwa wa figo.

Patenti ya dapagliflozini nchini India ilikwisha Oktoba 2020, na viwanda vingi vya huko vikaanza kuitengeneza kwa bei ya watu. Kwa hiyo hii si hadithi ya wazungu. Ni kidonge kimoja kwa siku. Lakini angalieni waliochaguliwa kwenye utafiti ule: walikuwa watu wenye albumini, ile protini ya damu, kwenye mkojo. Yaani dawa mpya kabisa nayo inaanzia kwenye kikombe kile kile.

Sasa nguruwe. Machi 2024, Boston, madaktari wa Massachusetts General Hospital walimwekea Richard Slayman, mwenye miaka 62, figo ya nguruwe aliyefanyiwa mabadiliko 69 ya jeni ili mwili wa binadamu usimkatae. Alikufa baada ya miezi miwili hivi. Hospitali ikasema hakuna dalili kwamba ni figo iliyomuua. Baadaye Tim Andrews aliishi na figo ya namna hiyo siku 271 kabla haijatolewa, Oktoba 2025. Siku 271 bila mashine! Nilimsomea shangazi habari ya kwanza kwenye simu. Kimya. Kisha: "Nguruwe?" Nikasema ndiyo, shangazi. "Ndani ya Muislamu?" Nikamwambia huyo Slayman sijui dini yake. Akanyamaza tena, nikadhani ameudhika. Akasema, "Kama ingekuwa kaka yangu, ningemuuliza sheikh baadaye." Na kweli nilipomuuliza sheikh wetu, alinikumbusha kanuni waliyoiweka wanazuoni zamani, kwamba dharura huhalalisha lililokatazwa, halafu akataka kujua ni bei gani. Hapo tukacheka wote wawili.

Desemba 2023, miezi kumi na minne baada ya mazishi, hospitali ya Mulago, Kampala, walipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini Uganda. Sheria ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo ilikuwa imepatikana mwaka huo huo, inaruhusu kutoa na inakataza kuuza. Kabla ya hapo ilikuwa ni India, na India maana yake ni kuuza ardhi, kuchangisha misikitini na kwenye redio, kisha kusafiri watu wawili na kuomba warudi wawili. Sisi tulifika kwenye kupimana damu. Mimi ni kundi A, Baba alikuwa B, ikaishia hapo. Dada yangu mkubwa ni O, angefaa, alikuwa tayari, mpaka alipopimwa akakutwa na presha yeye mwenyewe. Alikuwa na miaka 38 na hakuwa anajua.

Siku ya habari ya Mulago watu walinitumia picha kutoka kila upande, wengine kwa nia njema kabisa. Nilifurahi. Kweli nilifurahi, na nilizima simu.

Mei 2025 mawaziri wa afya wa dunia walikutana Geneva wakapitisha azimio la kwanza kabisa la ugonjwa wa figo, ugonjwa ambao inakadiriwa watu milioni 850 duniani wanao. Azimio ni karatasi, na mimi na karatasi tuna historia. Ila nimelisoma, na linataka watu wapimwe mapema.

Kwa hiyo mwezi uliopita nilikwenda kupimwa. Nina miaka 41, baba alikufa kwa figo, dada ana presha, na Jumapili nikishacheza mpira na wenzangu huwa nameza vile vile vidonge vya mgongo, alhamdulillahi sikuwahi kusema mimi ni mwerevu. Nilikwenda kliniki nyingine, si ile. Kijana wa maabara akaanza kunifunga mpira mkononi kutafuta mshipa. Nikamwambia, "Damu toa, lakini nipe na kikombe." Akaniuliza kama nina maumivu wakati wa kukojoa. Nikasema sina. Homa? Sina. "Sasa mkojo wa nini, mzee?" Nikamtolea ile karatasi yenye doa la chai. Akaisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna maelezo zaidi, kisha akaenda kuleta kikombe.

Kijiti kilibadilika rangi kidogo. Alama moja ya kujumlisha. Presha nayo imesimama juu kidogo ya inavyotakiwa. Daktari ni mama mmoja mpole. Alinieleza kwamba alama moja inaweza kuletwa na mpira wa Jumapili, homa, hata kutokunywa maji, na kwamba mtu haitwi mgonjwa wa figo kwa kipimo cha siku moja. Niache vidonge vya mgongo. Nipunguze chumvi. Nirudi baada ya wiki mbili, na kama bado ipo, tena hadi itimie miezi mitatu.

Nimeizungushia tarehe kalamu nyekundu kwenye kalenda ya dukani, ile yenye picha ya plagi. Nyumbani sikutaka kusema, lakini dada alisema. Jana jioni Mama aliniita uani, akaniambia nikae. Akaniuliza kama mkojo wangu una povu. Nikamwambia, Mama, mimi natumia choo, sijatazama.

"Basi leo usiku tumia ndoo," akasema. "Nimeshaiosha. Bila sabuni."